Taa ndogo zinazopandwa kwa maji: namna vioo vya mikroledi vinavyotengenezwa, na bati letu liko wapi ndani yake

Neno mikroledi limeanza kusikika hata huku kwetu, kwa vijana wanaouza telefone na kwa mafundi wa televizyo. Mikroledi ni taa ndogo sana, ndogo kuliko chembe ya mchanga wa Lualaba, inayopangwa pamoja na wenzake kwa mamilioni juu ya kioo mpaka picha inatokea. Katika ukurasa huu tunaeleza kazi moja tu ya kutengeneza vioo hivyo: namna taa hizo zinavyowekwa mahali pake kwa maji yanayotembea, bila mkono wa mtu wala wa mashine kuishika hata moja.

Tumeileta habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtu yeyote wa Kasongo au Kabambare aliyewahi kuosha kasiterite kwenye mfereji tayari anajua nusu ya kazi hii, hata kama hajawahi kuona kiwanda. Ya pili, kule kwenye machimbo kuna maneno mengi yanayozunguka juu ya madini yetu na televizyo za kisasa, na mengine si kweli. Maneno hayo yanafanya watu waweke mizigo ndani wakingoja bei, au waache shamba la mpunga kwa ajili ya shimo.

Kwanza taa yenyewe

Ledi ni kipande cha kitu kigumu, kama jiwe lililotengenezwa na watu, kinachotoa mwanga kura ikipita ndani yake. Hakina waya unaowaka kama ile taa ya zamani, ndiyo maana hakiungui haraka na hakili umeme mwingi. Ledi ya kwanza ya mwanga mwekundu ilitengenezwa na Mmarekani Nick Holonyak mwaka 1962. Ya bluu yenye nguvu ilichelewa sana, mpaka miaka ya 1990, na Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili yake. Bila ile bluu tusingekuwa na taa nyeupe hizi za plake za jua ambazo leo ziko katika nyumba nyingi za Nyangwe.

Ledi ya bluu na ya kijani inatengenezwa kwa nitridi ya galiumu, inayooteshwa tabaka kwa tabaka juu ya sahani ya yakuti. Mwaka 2000 watafiti Hongxing Jiang na Jingyu Lin wa Chuo Kikuu cha Kansas State, Marekani, walionyesha kwamba sahani hiyo inaweza kukatwa vipande vidogo sana, kila kimoja taa inayojitegemea. Hapo ndipo mikroledi ilipozaliwa. Leo mikroledi ya kawaida ina upana wa mikrometa 50 hivi au chini yake. Kata milimita moja mara elfu, chukua sehemu 50: ndiyo hiyo. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo.

Kwa nini watu wanahangaika nayo? Sababu televizyo nyingi tulizo nazo ni za LCD. Kule nyuma kuna taa inayowaka wakati wote, na mbele yake kuna mapazia madogo ya kufungua na kufunga mwanga. Hata picha ikiwa ya usiku, taa ya nyuma bado inawaka na batri inaliwa. Mwanga mwingi unakufa ndani ya yale mapazia, hautoki nje. Katika OLED kila nukta inajiwakia yenyewe, ni vizuri, lakini vitu vyake vinazeeka na kufifia. Katika mikroledi kila nukta inajiwakia, na inatengenezwa kwa kitu kigumu kisichofifia upesi. Kwa mtu anayeangalia mpira kwenye batri ya plake moja, tofauti hiyo si ya kifahari.

Hesabu inayowatesa wenye viwanda

Televizyo ya 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kwenda juu. Zidisha: nukta 8,294,400. Kila nukta inataka taa tatu, nyekundu, kijani na bluu. Jumla ni taa 24,883,200 kwa televizyo moja.

Sasa chukua mashine inayookota taa moja kila sekunde na kuiweka mahali pake, bila kulala, bila kura kukatika. Siku moja ina sekunde 86,400. Gawanya, utapata siku 288. Karibu miezi kumi kwa televizyo moja.

Kuna mashine zinazookota nyingi kwa mara moja. Wengine wanatumia muhuri wa mpira laini unaobandika taa maelfu na kwenda kuziachia juu ya kioo. Wengine wanapiga taa kwa laza mpaka zinadondoka. Njia hizo zinafanya kazi na viwanda vingi vinazishikilia mpaka leo. Lakini kila mara muhuri unapokwenda na kurudi lazima usimame mahali hasa panapotakiwa, kwa kiasi cha mikrometa chache, na kioo kikiwa kikubwa safari zinakuwa nyingi. Bei ya televizyo inakuwa bei ya safari. Mwaka 2020 Samsung ilitangaza kule Korea Kusini televizyo ya mikroledi ya inchi 110 kwa won milioni 170, ambayo ni zaidi ya dola 150,000. Mtu wa kawaida wa Seoul hawezi kuinunua, tusiseme wa Kindu.

Kumwaga badala ya kushika

Wazo la maji ni la zamani kuliko mikroledi yenyewe. Mwaka 1994 watu wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, H.-J. Yeh na J. Stephen Smith, waliandika namna walivyoziweka ledi juu ya silikoni kwa kuzimwaga ndani ya kimiminika. Walikata vipande vyao vikiwa na umbo la ndoo, chini pembamba na juu papana, na kwenye sahani wakachimba vishimo vya umbo lile lile. Kipande kikipita juu ya shimo kinaingia, kinakaa sawasawa, kwa sababu hakiwezi kukaa namna nyingine. Mwaka huo huo ilizaliwa kampuni ya Alien Technology kwa ajili ya njia hiyo. Ile kampuni ilijulikana zaidi kwa vibandiko vya redio vinavyotambulisha mizigo madukani, si kwa televizyo, lakini njia ilibaki mezani.

Iliamshwa tena wakati mikroledi ilipoanza kutafutiwa bei nafuu. Mwaka 2016 watu waliotoka katika maabara ya Sharp kule Marekani walianzisha kampuni ya eLux, katika jimbo la Washington, na kazi yake ni hii hii ya kupanda taa kwa maji. Upande wa Korea Kusini, LG imeifanyia utafiti mkubwa.

Mfano ulio karibu ni bao. Chukua bao lenye mashimo, mimina kete juu yake, litikise polepole. Kete nyingine zitaingia mashimoni, nyingine zitateleza na kumwagika. Zile zilizomwagika zikusanye, mimina tena. Ukirudia mara kadhaa kila shimo lina kete yake. Hukushika kete hata moja kuielekeza. Bao la kiwanda lina mashimo milioni 25, na kila shimo linataka kete moja tu, si mbili, na kete yenyewe ilale upande unaotakiwa.

Kazi inavyokwenda

Taa zinakatwa zikiwa bado zimeshikamana na sahani ya yakuti. Zinapimwa, na mbovu zinatambuliwa mapema. Hii ni muhimu sana, sababu mbovu ikishaingia kwenye maji pamoja na nzima, huwezi tena kuitoa. Kisha nzima zinabanduliwa kwa laza au kwa dawa, na kuanguka ndani ya maji yaliyosafishwa au kimiminika kingine kama alkoholi. Hapo unakuwa na chupa ambayo ukiiangalia kwa jicho unaona kama maji yenye vumbi. Lile vumbi ni mamilioni ya taa.

Upande mwingine kioo kinaandaliwa. Juu yake kuna nyaya nyembamba na transista za kuamuru kila nukta iwake au izime, na juu ya hizo kuna tabaka lenye vishimo. Kila kishimo kina upana unaozidi kidogo tu upana wa taa, na kina chake ni kama unene wa taa yenyewe.

Halafu yale maji yanamwagwa na kuendeshwa juu ya kioo. Hapa wachimbaji wetu wataelewa haraka. Kwenye mfereji wa kuoshea, kasiterite inazama na kushikwa nyuma ya kile kizuizi kwa sababu ni nzito karibu mara saba kuliko maji, na mchanga mweupe, ulio na uzito wa mara mbili na nusu hivi, unaendelea na safari. Nitridi ya galiumu ni nzito karibu mara sita kuliko maji. Kwa hiyo taa inataka kuzama. Mkondo unaisukuma ikiburuzika chini ya maji, ikigusa kioo, mpaka inafika kwenye kishimo na kuanguka. Ikishaanguka, mkondo unapita juu yake. Maji yaliyo ndani ya shimo yametulia, hayana nguvu ya kuitoa. Lakini taa iliyokaa juu ya mwenzake, au iliyolala kati ya mashimo mawili, iko wazi, mkondo unaiondoa.

Ukizidisha mkondo, unang'oa hata zilizokaa vizuri. Ukipunguza, zinarundikana. Mwoshaji yeyote anajua maneno haya. Anayapima kwa sikio na kwa mguu, kiwanda kinapima kwa kompyuta.

Ila kuna tofauti moja kubwa. Wachimbaji wanajua kwamba ile kasiterite laini, ya unga, haishikiki vizuri; inakwenda na maji machafu ijapokuwa ni nzito. Kitu kikiwa kidogo sana, uzito unapoteza usemi wake. Kinachotawala ni kunata, mvutano wa uso wa maji, viputo vya hewa. Taa ya mikrometa 45 iko katika ulimwengu huo. Inaweza kunata kwenye kioo pasipotakiwa, kunata kwa mwenzake, au kuzuiwa na kiputo kilichojificha ndani ya shimo. Kazi kubwa ya watu wa eLux na LG miaka hii si kuvumbua shimo. Ni kupambana na kunata.

Ile inayolala kifudifudi

Taa ina upande wa juu na upande wa chini. Kwenye upande wa chini ndipo kuna sehemu mbili za kupitishia kura. Ikiingia kifudifudi haiwaki, basi.

Ndoo ya Berkeley ilitatua jambo hilo kwa umbo, lakini kutengeneza ledi yenye umbo la ndoo ni ghali. eLux walifanya kitu chepesi. Taa yao ni duara bapa kama sarafu, na katikati ya upande wa juu wameiwekea kijiti kifupi. Sarafu ikiingia shimoni kijiti kikiwa juu, inalala chini yote na mkondo hauisumbui. Ikiingia kijiti kikiwa chini, haiwezi kulala. Inainama kama sahani iliyowekwa juu ya jiwe. Ukingo mmoja unabaki juu, mkondo unaukamata, unaipindua na kuitoa. Inaendelea mbele kutafuta shimo lingine. Hakuna kamera, hakuna mtu wa kukagua kila moja. Kijiti peke yake kinakataa kosa.

Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika habari nzima. Wavuvi Wagenya wanaosuka mgono wana akili ya namna hiyo hiyo: hawamfukuzi samaki, wanatengeneza mlango ambao kuingia ni rahisi na kutoka ni shida, halafu wanaachia mto ufanye kazi usiku.

Kuna njia nyingine inayotumia sumaku. Watafiti wa LG wanatia nikeli kidogo ndani ya taa, na sumaku inazivuta zisogee na kukusanyika penye mashimo, kisha umeme unazishika na kuzilaza upande unaotakiwa. Kwa rangi wanatumia maumbo: taa za rangi moja ni duara, za nyingine ni yai, za tatu ni yai refu zaidi, na kila umbo lina mashimo yake. Hivyo rangi zote tatu zinamwagwa pamoja na kila moja inafika kwake. Mwaka 2023 walitangaza kwamba kwa njia hiyo walijaza mashimo 99.99 kwa mia kwa muda wa dakika 15.

Bati linaloyeyuka

Taa iliyokaa shimoni bado haijafungwa. Lazima ishikane na nyaya. Kinachoishika ni bati, lile lile la fundi redio, lakini limewekwa kwa vidonge ambavyo jicho halivioni. Kioo kinapashwa moto, bati linayeyuka, linashika taa, linapoa. Bati tupu linayeyuka kwa digrii 232. Likichanganywa na bismuthi au indiumu linayeyuka chini ya hapo, na kioo hakiteseki.

Watafiti wengine wa Korea Kusini, wakiwemo watu wa LG, walikwenda mbali zaidi: wakaliacha bati lenyewe lifanye kazi ya mgono. Wanaweka matone ya mchanganyiko wa bati unaoyeyuka kwa moto mdogo, halafu wanamwaga taa ndani ya maji ya moto. Taa ina kipande cha dhahabu upande mmoja tu. Dhahabu ikigusa bati lililoyeyuka, inanaswa na kuvutwa mpaka inakaa katikati ya tone. Upande usio na dhahabu haushikwi na chochote. Tatizo lao lilikuwa kwamba maji ni mepesi mno kusukuma vitu vidogo namna hiyo, kwa hiyo walitia poloksama, kitu kinachotumika pia katika dawa na vipodozi, ili maji yawe mazito kidogo. Mwaka 2023 waliandika kwamba walifika kwenye 99.88 kwa mia.

Sikiliza namba hiyo vizuri. Darasani 99.88 ni mwanafunzi wa kwanza. Kwenye televizyo ya taa milioni 25, ile sehemu iliyobaki ni karibu taa 30,000 ambazo hazipo. Kwa 99.99 bado unakosa karibu 2,500. Hata kwa 99.9999 utabaki na 25 hivi, na mteja aliyelipa pesa nyingi ataziona zile za katikati. Ndiyo maana baada ya kumwaga kuna kukagua, kumwaga tena penye mapengo, na mwisho kurekebisha moja moja kwa mashine. Wengine wanaweka mashimo mawili kwa kila rangi, ili moja ikifa nyingine iwake.

Maji yana faida nyingine ambayo haitajwi sana. Ledi za sahani moja hazilingani mwanga. Za katikati na za pembeni zinatofautiana kidogo. Ukizihamisha kwa muhuri, tofauti hiyo inahamia kwenye kioo na jicho linaona madoa. Ukizimwaga zinachanganyika, kama mpunga wa mashamba kumi katika gunia moja, na jicho halioni tena wapi pana na wapi hapana.

Kipi ni cha kwetu humo ndani

Sasa tuje kwenye yale maneno ya machimboni. Wapo wanaosema ledi inatengenezwa kwa koltani. Si kweli. Ledi inataka galiumu, na galiumu haichimbwi Maniema. Inapatikana kidogo kidogo watu wanaposafisha mawe ya alumini, na zaidi ya sehemu 90 kwa mia ya galiumu ghafi ya dunia inatoka China. Tangu Agosti 2023 serikali ya China inataka kibali kwa kila mzigo wa galiumu unaotoka nje.

Koltani inatoa tantali, na tantali inaingia katika vile vidude vidogo vya kuhifadhi kura kwenye sakiti ya telefone na kompyuta. Iko jirani na kioo, haiko ndani ya taa. Dhahabu, kama ile ya Namoya kule Salamabila, inatumika kwenye sehemu za kuunganishia. Bati la kasiterite ndilo linalogusa taa moja kwa moja. Pia oksidi ya bati inachanganywa na ya indiumu kutengeneza lile tabaka linalopitisha kura huku ukiona ng'ambo yake, lililo katika vioo vya LCD na katika vioo vya telefone vya kugusa.

Historia ya bati hapa haina haja ya kusimuliwa upya. Wazee wa Kalima na Punia waliifanyia kazi Symétain, na kuanzia 1976 SOMINKI, mpaka ikafilisiwa mwaka 1997. Baada ya hapo kazi ilibaki mikononi mwa wachimbaji wa beshi na karai.

Swali la wachimbaji ni kama mikroledi italeta bei. Tufanye hesabu ya makisio. Tuseme kila taa inataka vidonge viwili vya bati, kila kimoja mikrometa 20 kwa 20, unene mikrometa 3. Kwa taa milioni 25 ni vidonge milioni 50. Bati lote hilo likikusanywa halifiki nusu gramu. Sakiti ya nyuma ya televizyo hiyo hiyo, ile ya kawaida tu, inabeba bati nyingi kuliko hapo. Kwa hiyo mnunuzi akikuambia uweke mfuko ndani sababu televizyo mpya zitamaliza bati la dunia, mwonyeshe hesabu hii. Bei ya bati inavutwa na sakiti za kila aina, plake za jua, makopo, na mambo ya Indonesia na Myanmar. Ile taa ndogo haina uzito wa kuivuta.

Kinachotufikia kutoka kwa wenye viwanda ni kitu kingine: masharti. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010, ile ya Dodd-Frank, inataka kampuni zilizo katika masoko ya hisa ya kule zieleze kama bati, tantali, wolframu na dhahabu zao zinatoka Kongo au nchi jirani. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Waliokuwa shimoni wakati ule wanakumbuka watoto waliorudishwa kutoka shule kwa kukosa minervali. Baadaye zikaja etiketi za mifuko za mpango wa ITSCI. Mfuko usio na etiketi hauna mnunuzi wa halali, hata madini yake yakiwa mazuri. Hilo mchimbaji wa Kabambare anatakiwa kulijua kuliko habari za aina ya kioo.

Yamefika wapi, na fundi wetu afanye nini

Mikroledi haijashinda bado. Sony ilionyesha televizyo ya inchi 55 ya namna hiyo mwaka 2012, yenye taa milioni 6 hivi, na haikuingia dukani. Apple ilinunua kampuni ya LuxVue mwaka 2014 kwa ajili ya teknolojia hii. Mwezi wa Februari 2024 kampuni ya ams Osram, iliyojenga kiwanda kwa ajili ya mikroledi, ilitangaza kwamba mradi wake mkuu umefutwa bila kutazamiwa, na hisa zake zikaporomoka. Wanaotumia maji wanasema wao ndio watakaoshusha bei. Inawezekana, njia yao ndiyo pekee ambayo kioo kikiwa kikubwa muda hauongezeki sana, kwa sababu mashimo yote yanajazwa pamoja. Ila kazi hiyo inataka chumba kisicho na vumbi hata kidogo na kura isiyokatika. Haitakuja kufanyika Kindu karibuni, na atakayewaambia vijana vingine anawauzia ndoto.

Kwa fundi, kuna zuri na baya. Leo fundi wetu anafungua televizyo ya LCD, anabadilisha mistari ya ledi iliyo nyuma ya kioo, na mteja anaondoka na picha. Kwenye mikroledi hakuna taa ya nyuma, na taa iliyokufa haiwezi kubadilishwa kwa pasi ya kulehemu. Ncha ya pasi peke yake inafunika nukta nyingi mno. Zuri ni kwamba vioo vikubwa vya mikroledi vinajengwa kwa vipande vya mraba vinavyopangwa kama vigae, na kipande kibovu kinaweza kutolewa na kuwekwa kingine, kama kipo cha kununua.

Mwisho, kwa anayekwenda kununua. Televizyo iliyoandikwa LED kwenye katoni ni LCD yenye taa za ledi nyuma. Iliyoandikwa Mini LED nayo ni LCD, taa zake za nyuma ni nyingi na ndogo zaidi. Zote mbili ni televizyo nzuri, tatizo liko kwa muuzaji anayeziita mikroledi ili apandishe bei. Mwambie aiwashe kwenye chumba chenye giza, aweke picha nyeusi tupu, na uangalie pembeni za kioo. Kukiwa na weupe kama wa alfajiri unaovuja kutoka nyuma, ni LCD, na ulipe bei ya LCD.